Fidla ya mzee Henry Reed: historia ya santuri moja na wasikilizaji wake

Mwaka wa 1968 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Kanawha ilitoa santuri yenye jina lisilo na pambo lolote: "Traditional Dance Tunes", yaani lahani za jadi za kuchezea dansi. Wapigaji walikuwa wanne, wakijiita Hollow Rock String Band. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na sifa nje ya mtaa wake. Fidla ndiyo iliyotangulia. Banjo, mandolini na gitaa zilifuata nyuma yake. Kwa hesabu ya wauza muziki wa siku hizo, ambao fedha yao ilitoka kwenye gitaa za umeme, santuri ya namna hiyo haikuwa kitu.

Hata hivyo, muda wa miaka kumi haukuisha kabla lahani kadhaa za santuri hiyo hazijaanza kupigwa na vijana waliotawanyika kutoka pwani ya Atlantiki hadi pwani ya Pasifiki. Wengi wao hawakuwahi kumwona mtu aliyekuwa chemchemi ya lahani hizo. Mtu huyo alikuwa mzee Henry Reed, wa kijiji cha Glen Lyn katika jimbo la Virginia, naye alifariki mwaka uleule wa 1968.

Jambo hili lina maana kwa yeyote anayejishughulisha na fasihi simulizi, hata kama hajawahi kushika fidla. Ni kitu gani kilichowafanya wasikilizaji hao wasitosheke kusikiliza, bali watake kushika uta wao wenyewe? Na je, kilichopita kutoka mkono wa mzee hadi mikono yao kilikuwa kilekile, ama kilikuwa kingine chenye jina lilelile?

Kwanza maneno. Fidla na violini ni chombo kimoja. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaifahamu katika taarab. Wakongo wengi huitaja kwa jina lake la Kifaransa. Fundi anayeichonga hajui kama itakwenda kwenye jumba la muziki wa kizungu au kwenye ghala la mkulima. Tofauti huanza mkononi. Wazee wengi wa milima ya Appalachia hawakuibana fidla chini ya kidevu, bali waliiegemeza kifuani au begani. Aghalabu walipiga nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja ukichukua lahani na wa pili ukivuma chini yake bila kukoma. Tena hawakufungwa na upatanisho mmoja wa nyuzi. Violini ya shuleni hupatanishwa kwa sauti za sol, re, la, mi. Mpigaji wa milimani huweza kupandisha sol ikawa la, na re ikawa mi, hata nyuzi nne zikawa la, mi, la, mi. Hapo fidla nzima hulia kama chombo kingine, kwa sababu nyuzi zisizoguswa huitikia zile zinazoguswa.

Umbo la lahani ni fupi. Kwa kawaida lina sehemu mbili, moja ya sauti za chini na moja ya sauti za juu. Kila sehemu ina mapigo 16, nayo hurudiwa, hivi kwamba mzunguko mmoja hutimiza mapigo 64. Kisha mpigaji huanza upya, tena na tena, mpaka wachezaji wachoke. Msikilizaji mgeni hudhani kwamba kila mzunguko ni sawa na uliotangulia. Msikilizaji mzoefu hajali tena lahani, kwa maana anaijua. Anafuata mabadiliko madogo: noti iliyorukwa, uta uliogeuzwa mapema, mlio uliocheleweshwa kidogo. Hali hii haina tofauti kubwa na ile ya msikilizaji wa ngano ambaye mwisho wa hadithi anaujua tangu utotoni, lakini haachi kuja barazani.

Muziki huu Wamarekani huuita kwa jina lenye maana ya "wa siku za zamani". Jina hilo lina hila ndani yake. Lilikuwa likitumika tangu miaka ya 1920, wakati ambapo muziki wenyewe ulikuwa bado u hai vijijini, na makampuni ya santuri ndiyo yaliyoona faida kuuita wa zamani. Tarehe 30 Juni na 1 Julai 1922, mpigaji Eck Robertson kutoka Texas alirekodiwa New York na kampuni ya Victor. Lahani yake "Sallie Gooden", aliyoigeuza kwa namna nyingi katika muda wa dakika chache, ingali ikitolewa mfano mpaka leo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Ralph Peer wa kampuni ya Okeh alimrekodi Fiddlin' John Carson mjini Atlanta. Peer hakupendezwa hata kidogo na sauti ya mzee huyo. Lakini mfanyabiashara wa Atlanta, Polk Brockman, aliagiza nakala 500, nazo zikaisha upesi. Tangu siku hiyo makampuni yalifahamu kwamba wako wasikilizaji ambao wakubwa wa New York hawakuwajua, tena wenye fedha ya kununua santuri inayofanana na jirani zao wenyewe.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka wa 1929 na miaka iliyofuata. Santuri hazikununuliwa tena, na biashara hiyo ikaanguka. Watu walioendelea kurekodi walikuwa watafiti, si wafanyabiashara. Mwaka wa 1937 Alan Lomax, akiitumikia Maktaba ya Bunge ya Washington, alimrekodi mpigaji William Stepp katika Kentucky. Lahani moja ya Stepp, "Bonaparte's Retreat", iliandikwa kwa noti na Ruth Crawford Seeger katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1941. Mwaka wa 1942 mtunzi Aaron Copland aliichukua, karibu noti kwa noti, akaitia katika muziki wake wa dansi uitwao "Rodeo". Mamilioni ya watu wanaifahamu. Katika miaka ya 1990 ilitumika hata katika tangazo la televisheni la kuuza nyama ya ng'ombe. Wangapi kati yao wanalijua jina la Stepp? Mfano huu uwekwe akilini, kwa kuwa ndio unaoonyesha jinsi mambo yangaliweza kwenda kwa Henry Reed pia.

Mwaka wa 1952 kampuni ya Folkways ilitoa mkusanyo uliotayarishwa na Harry Smith: santuri sita zenye vipande 84, vyote vikiwa vimetolewa mara ya kwanza na makampuni ya biashara katika miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930. Smith hakuonyesha katika maelezo yake ni nani mweupe na ni nani mweusi. Vijana wa mijini waliusikiliza mkusanyo huo kama watu waliopewa barua kutoka nchi wasiyojua kwamba ni yao. Mwaka wa 1958 baadhi yao, Mike Seeger, John Cohen na Tom Paley, waliunda kikundi cha New Lost City Ramblers ili wapige muziki huo kwa namna ya wazee. Kutoka hapo vijana walianza kusafiri kuelekea milimani, wakiwatafuta wale waliosikika katika santuri, na waliowakuta hai waliwaona kuwa walimu.

Kati ya vijana hao alikuwamo Alan Jabbour, aliyezaliwa mwaka wa 1942 huko Florida. Violini ya kizungu alikuwa ameisoma tangu utotoni, akapata kuipiga katika okestra. Alikwenda Chuo Kikuu cha Duke, katika Carolina ya Kaskazini, kusomea udaktari wa fasihi ya Kiingereza. Na tasnifu yake ya mwaka wa 1968 ilihusu jinsi mashairi ya Kiingereza cha kale yalivyohifadhiwa na kupitishwa kwa kumbukumbu ya watu. Basi haikuwa ajabu kwamba somo la nyimbo za masimulizi alilolipata chuoni lilimtoa maktabani. Katika miaka ya 1960 ya kati alitwaa kinasa sauti akaanza kuwazungukia wapigaji wazee wa Carolina ya Kaskazini, Virginia na Virginia ya Magharibi. Alikuwa akiichunguza katika mikono ya watu walio hai ile kazi ya kumbukumbu ambayo katika maandishi ya kale huonekana kwa nyayo zake tu.

Mwaka wa 1966 alifika kwa Henry Reed, mzee wa miaka 82. Glen Lyn ni kijiji kidogo kando ya mto uitwao New River, karibu kabisa na mpaka wa Virginia ya Magharibi. Na Reed alikuwa amezaliwa mwaka wa 1884 ng'ambo ya mpaka huo, katika wilaya ya Monroe. Hakuwa mtu wa santuri wala wa redio. Muziki wake ulikuwa wa nyumbani na wa majirani. Lakini hazina aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa kubwa kupita kiasi, na Jabbour alirudi mara kadhaa katika mwaka huo na ule wa 1967 ili kuinasa.

Katika ujana wake Reed alijifunza kwa mzee mmoja wa wilaya hiyo, Quince Dillion, ambaye alikuwa mpiga filimbi wa jeshi katika vita vya Marekani na Meksiko (1846 hadi 1848), kisha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861 hadi 1865). Lahani moja mashuhuri ya Reed ina jina la mzee huyo mpaka leo. Msomaji afanye hesabu: mwanajeshi wa mwaka wa 1846, kijana aliyemsikiliza mwishoni mwa karne hiyo, na mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kinasa sauti. Ni watu watatu tu, nao wamejaza miaka 120. Wale wanaodhani kwamba mapokeo ya mdomo huharibika kila baada ya kizazi kimoja hawana budi kuupima mnyororo huu mfupi, ingawa ni kweli pia kwamba mnyororo wa pete tatu hukatika kwa kifo kimoja.

Wakati huohuo, kati ya miji ya Durham na Chapel Hill, mahali paitwapo Hollow Rock, walikaa mume na mke, Tommy na Bobbie Thompson. Tommy alikuwa mwanafunzi wa falsafa na mpigaji wa banjo. Bobbie alipiga gitaa. Nyumbani kwao watu walikusanyika mara kwa mara, wakipiga na kunywa mpaka usiku mkuu. Jabbour alikuja na fidla. Bertram Levy, mwanafunzi wa udaktari wa tiba huko Duke, alikuja na mandolini. Kila safari Jabbour aliporudi kutoka Glen Lyn, alileta lahani mpya katika baraza hilo. Hapo ndipo santuri ya mwaka wa 1968 ilipozaliwa. Wengi kati ya wasikilizaji wake wa mwanzo walikuwa watu wa baraza hilohilo, waliokwisha kuzijua lahani zake kabla ya kampuni kuzitia katika santuri.

Kwa nini basi iliwapendeza na wale walioisikia mbali, peke yao, katika chumba cha mwanafunzi? Jibu moja ni usafi wa sauti. Santuri za miaka ya 1920 zilijaa mkwaruzo, na msikilizaji alilazimika kukisia. Hapa kila noti ilikuwa wazi. Jibu la pili ni zito zaidi. Wapigaji hawa hawakuwa mafundi wa kuwashangaza watu. Muziki wa bluegrass, uliokuwa umeenea tangu miaka ya 1940, ulimpa kila mpigaji zamu yake ya kujionyesha, na msikilizaji alibaki ameduwaa. Katika santuri ya Hollow Rock hakuna zamu. Wote hupiga lahani moja kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na yule anayesikiliza huona kama kiti kimoja kimeachwa wazi kwa ajili yake. Hiyo ndiyo siri ya shauku yao: santuri iliwakaribisha.

Nao walikaribia kwa njia za kazi ngumu. Mashine nyingi za santuri za miaka hiyo zilikuwa na mwendo wa mizunguko 16 kwa dakika, nusu ya ule wa 33 uliokuwa wa kawaida. Mwanafunzi aliiweka santuri yake katika mwendo huo wa polepole. Fidla ilishuka oktavu nzima na kunguruma kama sauti ya mzee mgonjwa, lakini noti ziliweza kuhesabiwa. Alirudisha sindano nyuma mara ishirini au thelathini, mpaka mfereji wa santuri ukalika. Santuri iliyoharibika namna hiyo ni ushahidi wa historia kama ulivyo ukurasa uliochakazwa kwa vidole.

Baada ya hapo walikwenda kukutana. Mji mdogo wa Galax, katika Virginia, ulikuwa na mashindano ya wapiga fidla tangu mwaka wa 1935. Union Grove, katika Carolina ya Kaskazini, tangu mwaka wa 1924. Mashindano yenyewe yalifanywa jukwaani, mbele ya waamuzi, lakini vijana wa miaka ya 1970 walipenda zaidi mahema na magari yaliyoegeshwa nyuma ya jukwaa. Huko wageni kabisa waligundua kwamba wana lahani zilezile vidoleni. Hawakuwa na haja ya kujulishana. Mmoja alianza "Over the Waterfall", na wengine wakaingia. Kikundi cha pili cha eneo la Durham na Chapel Hill, Fuzzy Mountain String Band, kilitoa santuri zake mwaka wa 1972 na 1973, humo mkiwa na lahani nyingine za Reed, na moto ukazidi kuenea. Levy alihamia upande wa Pasifiki, na mwaka wa 1977 ikaanza huko Port Townsend, katika jimbo la Washington, tamasha la kila mwaka la lahani za fidla, ambamo wazee walialikwa kufundisha. Lahani za Glen Lyn zilikuwa zimeuvuka upana wote wa bara.

Mafanikio hayo yalizaa tatizo ambalo mwanaisimu atalitambua mara moja. Ilitokea kwamba ile "Over the Waterfall" iliyopigwa kila mahali haikuwa ya Henry Reed. Ilikuwa ya Alan Jabbour. Mwanafunzi alimfuata mwalimu wake kwa uaminifu mkubwa, hilo halina shaka. Lakini uta wake ulikuwa na malezi ya violini, umri wake ulikuwa mdogo kwa miaka 58, na katika santuri alipiga pamoja na wenzake watatu, hali Reed alizoea kupiga nyumbani kwake kati ya jamaa na majirani. Kunasa kwenyewe nako kulileta jambo geni. Kwa Reed, lahani ilikuwa kitu kinachobadilika kila mara kinapopigwa. Katika santuri, mara moja kati ya mara zote iligeuka kuwa kielelezo, na yule aliyepiga vingine aliambiwa kwamba amekosea. Ni kama vile mtu angechukua usimulizi mmoja wa ngano, wa usiku mmoja, akausahihisha kwa huo usimulizi wa watambaji wote.

Lahani yenyewe ilikuwa na jamaa nyingi kabla ya kupita Glen Lyn. Wachunguzi wameionyesha kuwa ni ndugu wa lahani ya wimbo wa zamani wa mzaha, uliojulikana Uingereza na Marekani, kuhusu mke aliyetaka kumpofusha mume wake kwa mayai na uboho wa mifupa. Hivyo Reed hakuwa mtunzi wake, naye hakudai hivyo. Alikuwa mpitishaji, na mkono wake ulitia alama. Lakini tofauti kati ya bahati yake na ile ya Stepp wa Kentucky ni kubwa. Jabbour alimtaja mwalimu wake katika kila santuri, kila mhadhara na kila makala, kwa muda wa nusu karne. Mpaka leo mpigaji kijana huko Marekani husema "lahani ya Henry Reed", kama vile mwanafunzi wa mashairi ya Kiswahili anavyotaja beti kwa jina la Muyaka. Adabu ya kumtaja aliyekupa ndiyo iliyomwokoa mzee. Sheria ya hakimiliki haikumsaidia kitu.

Jabbour mwenyewe alipata nafasi ya kutengeneza zaidi. Mwaka wa 1969 alipewa uongozi wa idara ya nyimbo za jadi katika Maktaba ya Bunge, na toka mwaka wa 1976 hadi 1999 aliongoza kituo cha taifa cha utamaduni wa jadi cha maktaba hiyo. Mwaka wa 2000 maktaba ilizitoa katika intaneti rekodi 184 za Henry Reed zilizonaswa kwa mkono wake. Miaka zaidi ya thelathini baada ya kifo chake, wasikilizaji waliodhani kwamba wanamfahamu mzee walimsikia kwa mara ya kwanza. Wengi walishangaa. Uta wake ulikuwa laini kuliko walivyotazamia, na mapigo yaliangukia mahali wasipopangojea. Walirudi shuleni upya wakiwa na mvi. Jabbour alifariki mwaka wa 2017.

Kwa msomaji wa Kongo, kisa hiki hakiko mbali kama kinavyoonekana. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimnasa Mwenda wa Bayeke, Jean Bosco, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Na gitaa ya "Masanga" ikaenda kufundisha watu ambao hawakujua neno moja la Kiswahili cha Katanga alichokiimba. Mwaka wa 1969 Mwenda mwenyewe alipiga katika tamasha la Newport, mbele ya kizazi kilekile cha vijana wa Marekani waliokuwa wakiwafuata wazee wa fidla. Yeye pia alikuwa na wasikilizaji waliochakaza santuri zake wakitafuta kidole gani kinagusa uzi gani. Na kwake pia toleo lililonaswa siku moja liligeuka kuwa "lenyewe", ingawa aliendelea kuligeuza maisha yake yote.

Kuna kiungo kingine cha Afrika, kilicho ndani zaidi, nacho ndicho ambacho shauku ya wasikilizaji wa mwaka wa 1968 haikukiona. Banjo inayoiandama fidla ni chombo cha Afrika kwa asili. Thomas Jefferson aliandika hivyo mapema, katika kitabu chake juu ya Virginia alichokitunga miaka ya 1780. Fidla ilitoka Ulaya, lakini katika Virginia ya karne ya 18 iliyopigia dansi za mabwana mara nyingi ilikuwa mikononi mwa watumwa, na magazeti ya wakati huo, yakitangaza watumwa waliotoroka, yalitaja mara kwa mara kwamba fulani anajua kupiga fidla. Kati ya mateka hao walikuwamo watu wa Senegambia, wa pwani ya Guinea, na wa Kongo na Angola. Jabbour alipochunguza uta wa wapigaji wa milimani, aliona mpangilio ambao hakuuona Uskoti wala Ayalandi: noti nane hugawanywa tatu, tatu na mbili, hata uzito wa uta ukaangukia kati ya hatua za mguu. Alihitimisha kwamba mtindo huo ulizaliwa pale ambapo weusi na weupe walipiga pamoja, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19. Hivyo ule mvuto uliowafanya vijana wa chuo watikise miguu yao mbele ya mashine ya santuri ulikuwa, kwa sehemu, mkono wa Mwafrika.

Makampuni ya miaka ya 1920 yalikuwa yameukata muziki huo vipande viwili, daftari moja la weusi na jingine la weupe. Fidla iliandikwa katika daftari la weupe. Mweusi alitakiwa aimbe blues. Ukweli ulipenya mara chache tu. Mwezi wa Agosti 1927, mjini Charlotte, Andrew Baxter, mpiga fidla mweusi wa Georgia, alirekodi pamoja na Georgia Yellow Hammers, waliokuwa weupe, lakini msikilizaji aliyenunua santuri hiyo hakuwa na njia ya kujua. Kizazi cha miaka ya 1960 kilirithi madaftari hayo pamoja na mipaka yake. Kilipotaka fidla, kilipanda milimani kwa wazee weupe.

Na hapo ndipo kisa kinapouma. Wakati marafiki wa Hollow Rock walipokuwa wakipiga lahani za Glen Lyn, mjini Mebane, mwendo usiofikia saa moja kwa gari kutoka nyumbani mwao, alikaa mpiga fidla mweusi Joe Thompson, mfanyakazi wa kiwanda cha samani, aliyezaliwa mwaka wa 1918. Fidla alifundishwa na baba yake, na katika ujana wake alipigia dansi za weusi na za weupe pamoja na binamu yake Odell, mwenye banjo. Dansi hizo zilikuwa zimekoma, na fidla ya Joe ilikuwa imewekwa kando. Katika miaka ya 1970 ya mwanzo mtafiti kijana alibisha mlangoni pao, na binamu hao wawili wakavitoa vyombo vyao tena. Hakuna mtu aliyewaficha. Ni kwamba hakuna aliyewatafuta huko, kwa sababu hakuna aliyetazamia kuwakuta.

Odell alifariki mwaka wa 1994. Mwaka wa 2005, baada ya mkutano wa wapiga banjo weusi uliofanyika Boone, katika Carolina ya Kaskazini, vijana watatu weusi, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walianza kwenda Mebane kukaa miguuni pa Joe. Hawakuwa na haja ya kupunguza mwendo wa mashine; mzee alikuwa mbele yao, akirudia lahani mpaka waipate. Kutoka kikao hicho ilitoka Carolina Chocolate Drops. Santuri yao ya mwaka wa 2010, "Genuine Negro Jig", ilipata tuzo ya Grammy ya muziki wa jadi mwaka wa 2011, na mwaka uliofuata Joe Thompson alifariki, akiwa na miaka 93.